Waliotengeneza barabara za mbio za Safari nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotukera mimi na wenzangu wachache hapa Babati. Kila mbio za magari za Safari zinapofanyika Naivasha, vijana wa hapa mjini hujazana kwenye vibanda umiza kutazama magari yakitimua vumbi la Kenya. Tangu mashindano hayo yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ushabiki umepanda sana. Madereva Ogier na Rovanperä wanatajwa kama wanavyotajwa wachezaji wa Simba na Yanga. Lakini mwambie kijana huyo kwamba mbio hizi zilipita Babati, zikapanda mlima wa Magara kwenda Mbulu usiku wa manane, katikati ya masika, uone atakavyokukodolea macho. Anadhani Safari ni mali ya Wakenya na sisi ni watazamaji tu.

Simlaumu, kwa kuwa hajafundishwa na mtu. Hata machache yaliyoandikwa yanahusu madereva na magari. Barabara zenyewe, ambazo ndizo zilizoipa Safari sifa ya kuwa mashindano magumu kuliko yote duniani, hazina mwandishi. Watu waliozichimba, waliozifukia mashimo usiku, waliosukuma magari kwenye tope na kushika kandili kwenye njia panda hawajapata hata mstari mmoja. Hao ndio tunaowatafuta, na ndiyo sababu ya barua hii, maana bila wasomaji wako hatutafika mbali.

Sisi hatuna ofisi wala katiba. Yumo fundi wa magari aliyezeekea gereji, mwalimu wa jiografia, dereva wa basi la Arusha, binti mmoja hodari wa ramani za kompyuta, na mimi niliyefanya kazi ya upimaji wa barabara Idara ya Ujenzi mpaka nikastaafu. Tunakutana Jumapili mchana. Kila mmoja anakuja na alichokipata: jina la mzee, picha, jiwe la maili lililoonekana shambani kwa mtu. Kazi hii haitulipi. Tunaifanya kwa sababu tunaipenda, na kwa sababu wanaojua wanazidi kututoka kila masika.

Kwa faida ya wasomaji vijana, nieleze kwa kifupi. Safari ya kwanza ilikimbiwa kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mtu aliyeianzisha ni Eric Cecil wa Nairobi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimshawishi binamu yake, Neil Vincent, waende kushindana kwenye uwanja wa magari wa Langa Langa, kule Bonde la Ufa. Binamu akakataa, akasema kuzunguka kiwanja kimoja siku nzima kunachosha. Bora mtu afunge mlango wa gari, akate nusu ya Afrika na kurudi, na atakayefika kwanza ndiye mshindi. Jambo hilo likafanyika kweli. Mwaka ule wa kwanza magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, ili wanunuzi wa Afrika Mashariki waone gari la bei gani linahimili barabara zao. Hapakuwa na mshindi wa jumla, ila aliyepata adhabu chache kuliko wote alikuwa Alan Dix, akiendesha Volkswagen ndogo.

Baadaye mashindano yakahamishiwa Pasaka, na hapo ndipo barabara ilipokuwa mshindani mkuu. Pasaka kwetu ni masika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza saba tena, na miaka yote miwili walioshinda ni wale wale, Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Wageni kutoka Ulaya walikuja na sifa zao, wakarudi na magari yao kwenye malori. Erik Carlsson wa Sweden, bingwa mkubwa wa siku zile, mwaka 1964 alikwama kwenye tope na msoma ramani wake Gunnar Palm. Waliibingirisha Saab yao ikapinduka na kusimama tena kwenye ardhi ngumu, wakaendelea, wakamaliza wa pili. Mgeni wa kwanza kushinda alipatikana mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland, na pembeni yake alikaa Gunnar Palm huyo huyo. Miaka yote ya kabla ya hapo walishinda watu waliokuwa wakiishi huku, kwa kuwa walizijua barabara.

Sisi Watanzania tuna lingine la kujivunia ambalo vijana hawalijui kabisa. Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, walishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Pasaka ya 1967 iliangukia tarehe 26 Machi, hata miezi miwili haijatimia tangu Azimio la Arusha. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam penyewe. Mama mmoja wa hapa, ambaye wakati huo alikuwa binti akiishi kwa shangazi yake Dar, aliyaona magari yakiondoka. Tulipomuuliza ana hakika gani na mwaka, alijibu papo hapo: shangwe za magari zilikuwa hazijaisha midomoni mwa watu, redio ikatangaza Mzee Karume ameuawa. Ni kweli. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 2 Aprili, na Karume aliuawa tarehe 7.

Nimemtaja mama huyo kwa sababu ndivyo tunavyofanya kazi yetu. Mzee wa kijijini ukimuuliza "mwaka gani" anajibu lolote la kukuridhisha. Muulize mahindi yalikuwa yamefika wapi, nani alikuwa diwani, kodi ililipwa kwa nani, mtoto wake yupi alikuwa mgongoni. Akikwambia ilikuwa kabla ya vijiji vya ujamaa lakini baada ya Uhuru, tayari umepata uzio wa kuanzia. Kisha kalenda ya Pasaka inakusaidia kubana.

Ila historia ya magari na barabara zetu haikuanza na Safari, na hapa naomba Mhariri univumilie, maana ndipo palipo na uzito. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani mmoja, Luteni Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa mahsusi na kiwanda cha Gaggenau, limeinuliwa juu ili lipite kwenye visiki na mawe. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Vitabu vinamtaja kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Mimi nasoma habari hiyo kwa jicho la mpimaji wa barabara, najiuliza: gari lilipita wapi wakati barabara haipo? Lilipita kwenye njia za misafara, njia za wapagazi, na mahali lilipokwama walikuwepo watu wa kulivuta kwa kamba, kukata miti, kutandika magogo mtoni. Mafuta yake yalitangulizwa mbele kwa vichwa vya watu. Jina la Graetz linajulikana. Ya hao wengine hayajulikani, na kwa karne ya kwanza ya magari Afrika Mashariki hali imekuwa ni hiyo hiyo.

Kisha akaja Mwingereza na kodi yake. Aliyekosa fedha ya kodi alifanyishwa kazi, na kazi kubwa ilikuwa barabara. Barabara Kuu ya Kaskazini, hii inayotoka Tunduma ikapita Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati hadi Arusha na Namanga, ilikuwa kipande cha ile ndoto ya wakoloni ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Msafara wa Court Treatt ulioondoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley ulifika Cairo Januari 1926. Katika miezi hiyo kumi na sita kulikuwa na siku ambazo kusonga mbele kidogo tu kulitegemea mikono ya wanakijiji. Leo ukitoka Dodoma kuja Babati ni lami tupu. Unapita Kolo, unapanda Bereko, unashuka Bonga, chai yako ya Kondoa ingali ya moto kwenye chupa. Pembeni ya lami hiyo, kwa mwenye macho ya kuona, barabara ya zamani bado ipo. Inajitenga kushoto, inazunguka kichuguu, inatafuta mahali mto ulipo mwembamba, halafu inarudi.

Namna ya kuitambua ni hii. Tunachukua ramani za zamani za 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege, binti yetu anazilaza juu ya picha za setilaiti. Hapo mistari inaonekana. Halafu tunakwenda kwa miguu. Barabara ya udongo haiwezi kuwepo bila mashimo ya kifusi, kwa hiyo tunatafuta mashimo yaliyopangana sambamba, ambayo siku hizi yamegeuka malambo ya kunyweshea ng'ombe. Mikaratusi mizee iliyosimama kwa safu porini mara nyingi ni kambi ya barabara. Vitabu vya njia vya siku zile vilitaja umbali kwa maili, kwani tulikuwa hatujahamia kilomita. Maili kumi ni kilomita kumi na sita. Kama simu inasoma kilomita kumi na nne kati ya njia panda mbili zile zile, ujue kuna walau kilomita mbili za barabara ya zamani zimelala kichakani zikisubiri kutafutwa. Dereva wetu wa basi ndiye bingwa wa kazi hii. Anakaa kimya, anatazama mlima, anasema, "Gari la enzi zile lisingepanda hapa, lazima lilipita kule." Mara nyingi anapatia.

Sasa nije Magara. Msomaji asiyepajua afahamu kwamba Mbulu iko juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake kuna Ziwa Manyara na barabara ya Arusha inayopita Mbuyu wa Mjerumani. Kutoka chini kwenda juu ni lazima uukwee ukuta wa bonde. Mteremko huo ndio madereva wa Safari walioushika kichwani maisha yao yote. Siku hizi mto una daraja la maana na sehemu zenye mwinuko mkali zimewekwa zege. Zamani ilikuwa udongo mwekundu, mawe, na kona ambazo gari refu halikuzimaliza bila kurudi nyuma kwanza, huku kushoto hakuna kitu ila hewa.

Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa barabara katika kambi ya chini ya mlima huo. Alisimulia kwamba Pasaka ikikaribia, mnyapara aligawa kazi kwa vipande: huyu na sururu afungue mifereji, hawa na makarai wabebe mawe ya kujaza mashimo ya magurudumu, wale wakate majani kwenye kona ili taa zionekane mapema. Mvua ikinyesha usiku, kesho yake wanaanza upya. Siku yenyewe ya magari hawakulala. Walijipanga kwenye kona mbaya na mitaimbo na kamba za katani. Gari likikwama walishuka wote topeni, wakalinyanyua mkia, wakalisukuma, na tope lote la gurudumu likawamwagikia kifuani. Baba alisema dereva mzuri alitambulika kwa mlio kabla ya taa: mlio wake haukupanda na kushuka ovyo, ulikuwa mmoja, kama wa cherehani ya fundi anayejua kushona. Mwenye kubabaika walimsikia tangu chini, wakaanza kushika kamba mapema.

Kwenye kona mojawapo, pembeni kidogo ya njia ya sasa, tumekuta ukuta wa mawe unaoshikilia barabara ya zamani isiporomoke. Ni kama hatua arobaini kwa urefu. Hauna saruji hata chembe. Kila jiwe limechongwa upande mmoja tu, ule unaotazama bondeni; pande nyingine zimeachwa na makovu yake ili ziumane na jirani. Mawe makubwa yako chini, na kila baada ya hatua chache kuna jiwe refu lililosukumwa ndani kabisa ya mlima kushikilia mengine. Katikati kuna mdomo wa kalavati la mawe, mtoto wa darasa la kwanza anaingia akiinama kidogo, na juu yake wamelaza jiwe moja bapa lisilo na ufa. Tulifika asubuhi baada ya mvua. Maji yalikuwa yakitoka mdomoni humo yakianguka juu ya sakafu ya mawe iliyotandikwa makusudi ili yasichimbe msingi. Nimekagua makalavati mengi katika utumishi wangu, ya zege yenye nondo, mengine yamepasuka hata kabla ya mkandarasi kukabidhi kazi. Ukuta ule umejengwa na watu ambao hawakuitwa wahandisi, na unafanya kazi hadi leo ingawa hakuna gari linalopita juu yake. Wairaqw wa Mbulu walikuwa wakijenga matuta ya mawe kwenye miteremko yao kabla ya mgeni yeyote kufika. Mimi naamini utaalamu ule ulitoka mashambani mwao ukahamia barabarani, na kama kuna mzee anayejua ni akina nani waliouweka ukuta huo, nitamfuata popote alipo.

Kuna hazina nyingine tuliyoipata, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika kwako. Mjane wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitufungulia sanduku la bati la marehemu mumewe. Chini ya vyeti na picha za harusi kulikuwa na daftari la shule lenye jalada la rangi ya kaki. Mwalimu huyo aliwahi kuwa msaidizi wa mtunza saa kwenye kituo kimoja cha ukaguzi cha Safari. Kwa asiyejua, gari lilipofika kituoni lilipigiwa muhuri wa saa kwenye kadi yake, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa pointi moja ya adhabu. Kadi zilikwenda Nairobi. Mwalimu yeye alijiandikia daftari lake mwenyewe.

Amepiga mistari kwa rula: Namba, Kuingia, Kutoka, Maelezo. Kwenye safu ya Kuingia ameandika saa za mashindano kwa wino, mfano 0210, na pembeni kwa penseli ameandika saa zetu, nane na dakika kumi usiku, bila shaka ili awajibu wanakijiji waliokuwa wakimuuliza. Safu ya Maelezo ndiyo tamu. "Taa moja." "Kioo cha mbele hakuna." "Amesukumwa." "Anauliza njia." "Msoma ramani analala." Ukurasa mmoja una doa la mafuta ya taa lililoyeyusha wino, na chini yake mwandiko umekuwa mkubwa na wa haraka, yumkini kandili iliangushwa akawa anaandika gizani. Kurasa mbili za kwanza zimejaa pomoni. Ya tatu ina mistari sita tu, imeachana mno kwa muda. Baada ya hapo hakuna gari.

Juu ya jalada ameandika neno moja: Pasaka. Mwaka hakuuandika. Mjane anakumbuka kwamba ulikuwa mwaka wa matope mengi, wakati kifungua mimba wao anaanza kutambaa, na kwamba mumewe alirudi nyumbani mchana wa siku ya pili akalala na viatu. Kwa jinsi magari yanavyopukutika katika daftari, fundi wetu anashikilia ni 1963 au 1968. Njia ya kuhakikisha ipo na ni rahisi. Kila mwaka magazeti yalichapisha orodha ya washindani na namba za magari yao kabla ya mbio kuanza. Tukipata orodha hizo za miaka ya sitini, tutaziweka pembeni ya daftari la mwalimu, tupime: namba fulani iliyopita "taa moja" ni nani, na ile iliyoandikwa "amesukumwa" ilifika Nairobi au haikufika. Hapo jambo lililotokea kijijini kwetu usiku litaungana na historia ya dunia ya mchezo huu, na jina la mwalimu litakaa kwenye ukurasa mmoja na la mshindi.

Ndiyo maana nakuomba wewe Mhariri, pamoja na wahariri wenzako wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, mtufungulie maktaba zenu. Najua kuna vitabu vya magazeti ya zamani vilivyofungwa na kuwekwa kwenye rafu ambazo hakuna anayezigusa. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, Ngurumo na Uhuru kwetu, Baraza na Taifa kule Kenya, yaliwaandikia watu wetu, na naamini katika kurasa zake mna habari ambazo magazeti ya Kiingereza hayakuona haja ya kuziweka. Hata Mamboleo la mkoloni, lililoanza 1923, lina mengi kuhusu barabara na magari ya mwanzo. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zimetunza vitabu vya wilaya, na tunawashukuru watunzaji wake, ila nauli na malazi ya kukaa huko wiki nzima ni mzigo kwa wastaafu. Kama kuna mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya utafiti, mada hii hapa, na ushirikiano wetu wote.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeshuhudia kinyume chake. Katika ofisi moja ambayo siitaji, kulikuwa na stoo ya majalada ya barabara: ripoti za kila mwezi za wasimamizi, orodha za vibarua zenye alama za vidole gumba, michoro ya vivuko. Nilikuwa nimeomba kwa barua niruhusiwe kuyasoma. Siku niliyokwenda kufuatilia jibu, nilikuta stoo imesafishwa kuwekwa viti vya plastiki vya mikutano, na nyuma ya jengo majivu yakiwa bado na joto. Kijana aliyepewa kazi ile hakuwa na kosa. Aliambiwa achome takataka. Niliokota kipande kilichobaki, nusu ya karatasi yenye safu ya alama za vidole na hakuna majina. Nawasihi wakuu wa ofisi zote za wilaya na mikoa: kabla ya kuchoma, piteni Nyaraka za Taifa, au hata mtuite sisi. Tutakuja na mkokoteni wetu.

Wapo wanaotuuliza, mbio zilizoanzishwa kumshangilia malkia wa wakoloni zinatuhusu nini? Nimeulizwa swali hili msikitini, nimeulizwa kwenye msiba, na nalijibu kwa moyo mweupe. Mwaka 1953 ilikuwa sherehe ya wengine, sikatai. Lakini barabara ilijengwa kwa jasho letu na kodi yetu, na Uhuru ulipokuja Safari haikufa. Kwa miaka kadhaa iliendelea kuziunganisha nchi tatu huru, kwenye barabara moja, na hilo limetushinda kwa mambo mengi baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika 1977. Joginder Singh aliyeshinda 1965, 1974 na 1976 alizaliwa Kericho, na aliwahi kufanya kazi ya kuzunguka barabarani akiwasaidia wenye magari yaliyoharibika. Shekhar Mehta, mshindi mara tano, alizaliwa Uganda. Shankland alikuwa Dar es Salaam. Hizi si habari za Waingereza peke yao. Na vibarua wa Magara walikuwa wetu kabisa, hakuna mwenye kudai vinginevyo.

Kwa wenzetu wa Kenya na Uganda wanaosoma gazeti hili: najua kwenu wapo wanaokusanya picha na magari ya zamani, na yale mashindano ya magari ya kale yaliyoanza 2003 yamewahi kuvuka mpaka kuja kwetu. Tunaomba mtusaidie kwa upande wa barabara. Nani alikuwa akitengeneza njia za milima ya Taita? Nani aliangalia vivuko vya Kerio? Ile barabara ya kushuka Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu inajulikana kuwa kazi ya mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, na kanisa lao dogo bado lipo pale, linatunzwa, watu wanasimama kupiga picha. Ni jambo jema sana. Natamani kuwe na walau kibao kimoja cha namna hiyo kwa vibarua Waafrika, popote kati ya Kampala na Morogoro.

Kwa wahandisi wanaosimamia kazi za upanuzi Magara na kwingineko, ombi langu ni dogo na halina gharama. Mkikuta ukuta wa mawe makavu au kalavati la zamani nje ya upana wa barabara mpya, msilizike kwa kifusi cha ziada. Mwambieni dereva wa greda akimwage kifusi upande wa pili.

Na kwa msomaji yeyote mwenye kitu, iwe picha, kadi ya saa, kitabu cha njia, kitambaa cha begani cha mlinzi wa kituo, au kumbukumbu tu ya bibi: usikitume kwa posta. Tuachie ujumbe kupitia gazeti hili kama Mhariri ataridhia, nasi tutakuja tukipige picha mbele yako na tukirudishe mkononi mwako siku hiyo hiyo. Tunawatafuta hasa jamaa wa dereva aliyekuwa na greda la Mbulu miaka ya sitini. Wazee watatu wa vijiji tofauti wametuambia alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya jeshi, anayeimba akifanya kazi, na kwamba usiku wa Safari aliegesha greda lake juu kabisa ya mteremko, taa zikiwaka, ili madereva wajue mlima umeisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mstaafu wa Idara ya Ujenzi,
Babati, Manyara.